Maiti huyu au maiti hii? Swali kuhusu wanawake wanaokufa katika mashairi ya Kigothiki

Bi Mishororo anauliza:

Habari za wakati huu, ndugu zangu. Hii ni wiki ya tatu swali moja linaninyima usingizi. Naomba mnivumilie, maana linaanzia kwenye sarufi kabla ya kufika kwenye ufeministi.

Natafsiri mashairi ya Kigothiki ya karne ya 19, yale ya giza, makaburi na hofu, kwa Kiswahili. Hakuna aliyenituma, ni mapenzi tu. Nilianza na "Annabel Lee" la Mmarekani Edgar Allan Poe kwa sababu nililikariri nikiwa na miaka 16 na sijawahi kulisahau. Kisha nikaingia kwa Robert Browning, shairi la "Mpenzi wa Porphyria" la mwaka 1836, na huko ndiko nilikokwama.

Kwa wasiolijua, ni usiku wa dhoruba. Mwanamume yuko peke yake kibandani, moyo umemjaa. Porphyria anaingia. Anafunga mlango, baridi inabaki nje. Anapiga magoti, anakoleza moto mpaka nyumba nzima inapata joto. Anavua joho linalochuruzika maji, anavua shali, anaweka kando glavu zilizochafuka, anafungua kofia, anaziachia nywele zake zilizolowa. Anaketi. Anamwita mwenzake, hajibiwi. Anauchukua mkono wake yule bwana na kujizungushia kiunoni. Nilipotafsiri sehemu hiyo, ukurasa wangu ulijaa a-, a-, a-. Kila kinachotendeka mle ndani anakitenda yeye.

Kisha bwana anagundua kwamba anapendwa. Kwenye mshororo wa 41, kati ya mishororo 60, anamnyonga kwa nywele zake mwenyewe alizozizungusha shingoni mara tatu. Kuanzia hapo a- yangu ikaanza kupotea. Ikaja ni-: nilimfumbua kope, nikalegeza nywele, nikabusu shavu, nikakiegemeza kichwa begani. Na Porphyria? Macho yanacheka. Shavu linaona haya. Kichwa kidogo chekundu chenye tabasamu kimefurahi, maana kimepata kilichokitaka. Mtu mmoja aliyekuwa a- amegawanyika akawa ya-, li- na ki-. Mimi sikubuni chochote. Hata katika Kiingereza Browning anakitaja kile kichwa kama kitu. Ila Kiswahili kinalazimika kulisema hilo kwa sauti, kiambishi kwa kiambishi, na nilipolisoma kwa sauti nilisimama katikati.

Mwisho kabisa inakuja tu-. Tumeketi hivi pamoja, usiku kucha hatujasogea. Anasema "sisi" kwa niaba ya mtu aliyemuua.

Sasa nimefika kwa Alfred Tennyson, "Bibi wa Shalott", yule mwanamke mwenye laana anayekufa ndani ya mashua akielekea Camelot, mji wa Mfalme Arthur wa hadithi. Kuna mahali anaitwa maiti. Niandike hivi:

Maiti mweupe, mweupe, akapita akielea

au hivi:

Maiti nyeupe, nyeupe, ikapita ikielea?

Nimesikia watu wakisema maiti huyu, na wengine maiti hii. Mizani zinalingana, 9 kwa 9 kote, kwa hiyo siwezi kujificha nyuma ya mizani. Lazima niamue kama yule aliye ndani ya mashua ni mtu au ni kitu.

Wahakiki wa kifeministi husema mashairi haya humuua mwanamke ili mwanamume apate la kusema. Je, ndivyo, au nayabebesha mashairi mzigo usio wake? Na kuna jambo linaloniuma zaidi. Miaka yote niliyosoma "Annabel Lee" kwa moyo, nilijiweka kwenye nafasi ya kijana anayelia pwani. Hata siku moja sikujiweka kwenye nafasi ya msichana aliyemo kaburini, ingawa msichana nilikuwa mimi.


Mwalimu Vina anajibu:

Bi Mishororo, umeuliza vizuri kuliko vitabu vingi. Hilo la kujiweka kwenye nafasi ya kijana lisikuaibishe. Mhakiki Judith Fetterley aliandika mwaka 1978, akizungumzia hadithi za Marekani, kwamba msomaji mwanamke hufundishwa kusoma kama mwanamume na kuuona upande wake mwenyewe kuwa ndio wa kando. Dawa aliyoipendekeza ni kusoma kwa ukinzani. Unaendelea kusoma, ila hukubali kukalishwa kila mahali unapokalishwa.

Poe mwenyewe ametuachia ushahidi. Katika insha yake ya mwaka 1846 kuhusu jinsi alivyotunga shairi lake "Kunguru", alisema kwamba kifo cha mwanamke mrembo ndiyo mada ya kishairi kuliko zote duniani. Watu hunukuu hapo wakaacha. Sentensi inaendelea: na midomo inayoifaa zaidi mada hiyo ni ya mpenzi aliyefiwa. Mimi naona nusu ya pili ni nzito kuliko ya kwanza. Ya kwanza inachagua nani afe, ya pili inagawa haki ya kusema. Mwanamke ni mada, mwanamume ni mdomo. Mhakiki Elisabeth Bronfen aliitumia kauli hiyo kama mlango wa kitabu chake kikubwa cha mwaka 1992 kuhusu maiti za wanawake katika sanaa. Kwake, maiti nzuri ya mwanamke humwezesha mtazamaji kukikaribia kifo bila kukiogopa, kwa kuwa anayekufa daima ni mwingine.

Irudie "Annabel Lee" ukitafuta maneno ya Annabel. Hakuna hata moja. Tunaambiwa aliishi bila wazo lingine ila kupenda na kupendwa na msemaji. Malaika wanamwonea wivu, upepo unamuua, jamaa zake wanamchukua na kumfungia kaburini, kijana analala ubavuni pake kila usiku. Kila mmoja ana la kumtendea, na yeye hatendi.

Ila nakuomba usimtie Browning kwenye kapu moja na Poe. Kwa Poe, nafsineni, yaani anayesema ndani ya shairi, na mshairi wanalia pamoja na sisi tunaombwa tulie nao. Browning anampa muuaji mdomo ili tumsikie akijifunga mwenyewe. "Hakuhisi maumivu, nina hakika kabisa hakuhisi maumivu." Mwenye hakika hasemi mara mbili. Mwaka 1842 alipolichapisha tena shairi lile aliliweka chini ya kichwa kinachotaja vyumba vya wendawazimu. Mwaka huohuo akatoa lile la mtawala wa Ferrara anayemwonyesha mgeni picha ya marehemu mkewe, iliyo nyuma ya pazia ambalo hakuna mwenye ruhusa ya kulifungua ila yeye. Mke alitabasamu kwa kila mtu, mume akatoa amri, tabasamu zote zikakoma. Na mgeni anayeelezwa hayo amekuja kupanga mahari ya mke anayefuata!

Kwa hiyo ki- yako ibaki. Usiilainishe hata kidogo. Hiyo ki- ndiyo hatia ya yule bwana.


Msafiri wa Usiku anajibu:

Shikamoo Mwalimu. Naomba kutofautiana nawe kidogo kwa heshima, maana Poe nampenda na naona anaonewa.

Mama yake alifariki Desemba 1811, mtoto hajatimiza miaka mitatu. Mama aliyemlea akafa mwaka 1829. Mkewe Virginia alianza kutoka damu kinywani Januari 1842 akiwa anaimba, na kifua kikuu kikamla polepole miaka mitano mpaka Januari 1847, ana miaka 24. Insha ya 1846 unayoinukuu iliandikwa na mtu ambaye mkewe alikuwa akikohoa. Tukimwambia "wewe unaua wanawake ili upate mada", tunamdhulumu mfiwa. Nami nimezika. Anayezika hatafuti mada, anatafuta pa kushika. Mtu akilala kando ya kaburi usiku kucha, kwangu hiyo si sanaa ya mfumo dume, ni binadamu aliyeshindwa kuondoka.


Bi Mishororo anajibu:

Pole sana kaka yangu, na asante kwa kusema kutoka moyoni. Huzuni ya Poe siitilii shaka.

Ila nenda nyuma kidogo. "Lenore" alilolichapisha kwa jina hilo mwaka 1843 lilizaliwa mwaka 1831 kama shairi lenye jina jingine, na tayari lilikuwa na bibi harusi kijana aliyekufa. Mwaka 1831 Poe ana miaka 22, na Virginia ni mtoto wa miaka minane. Mazishi yalikuwepo kwenye mashairi kabla ya mke kuwepo. Msiba wa kweli ulipofika, umbo la kuupokea lilikuwa limeshachongwa, na umbo hilo lina nafasi ya mrembo aliyenyamaza na nafasi ya mwanamume anayesema.

Hapo ndipo ninapowaelewa mafeministi. Sidhani wanamhukumu mjane. Wanauliza mbona mtu akipoteza mke mwenye sauti, aliyekuwa anaimba siku damu ilipoanza kutoka, shairi linamrudishia mke asiye na sauti. Virginia aliimba. Annabel haimbi. Nilipouona umbali kati ya hao wawili, ndipo shairi likaniumiza kwa upya, na nikaona sijaacha kulipenda.


Mama wa Soneti anajibu:

Dada Mishororo, umezungumzia a- na ki- na tu-. Mimi nakuletea ni- ya upande wa pili.

Mshairi Mwingereza Christina Rossetti aliandika soneti (shairi la mishororo 14) ya "Baada ya Kifo" mwaka 1849, ana miaka 18. Mandhari ni yaleyale ya Kigothiki tuliyoyazoea. Mapazia yamevutwa nusu, sakafu imefagiwa na kutandazwa majani, maua yamejaa kitandani, mwanamke amelala hapo amekufa, mwanamume anainama juu yake. Tofauti ni kwamba anayesimulia ni maiti. Alidhani nimelala na simsikii, anasema, lakini nilimsikia akisema "maskini mtoto, maskini mtoto". Kisha anahesabu ambayo yule bwana hakuyafanya. Hakuigusa sanda. Hakuinua kitambaa kilichonifunika uso. Hakunishika mkono. Hakuitikisa mito iliyo chini ya kichwa changu. Hakunipenda nikiwa hai, anasema, ila nilipokufa alinihurumia.

Umeona alichokifanya huyu binti? Alivichukua vitu vyote vya chumba kile, sanda, mito na mapazia, bila kupunguza hata kimoja. Akabadilisha mahali sauti inapotokea, na chumba kizima kikageuka. Mfiwa anayelia anatazamwa na yule anayemlilia, na machozi yake yanapimwa.

Na usidhani mambo hayo yalibaki kwenye mashairi tu. Kaka yake, Dante Gabriel Rossetti, alikuwa mchoraji na mshairi, na mpenzi wake, ambaye baadaye akawa mkewe, ni Elizabeth Siddal. Siddal ndiye aliyelala ndani ya beseni la kuogea ili mchoraji John Everett Millais amchore kama Ophelia, yule msichana wa Shakespeare anayekufa maji, akielea mtoni, picha iliyooneshwa mwaka 1852. Maji yalikuwa yakipashwa kwa taa zilizowekwa chini ya beseni. Siku moja taa zikazimika, mchoraji hakuona, yeye akaendelea kulala kwenye maji baridi mpaka akaugua. Alikufa Februari 1862 kwa kuzidisha lodanamu, ile dawa ya afyuni. Mume akazika naye daftari la mashairi, karibu na nywele zake. Oktoba 1869 kaburi la Highgate, London, likafunguliwa usiku ili daftari litolewe, na 1870 kitabu kikachapishwa.

Nalirudia hili kila ninapoambiwa wahakiki wanatia chumvi. Mashairi ya mume yalipita kaburini mwa mke aliyekufa ndipo yakafika kwa msomaji, kwa maana halisi, kwa sepetu na udongo. Naye Siddal alikuwa mshairi. Mashairi yake mwenyewe hayakuchapishwa akiwa hai.

Christina aliyaona mapema. Mwaka 1856 aliandika soneti kuhusu chumba cha mchoraji ambamo uso mmoja unatazama kutoka kwenye kila turubai. Anasema mchoraji anaula uso huo mchana na usiku, si kama mwanamke alivyo, bali kama anavyoijaza ndoto yake. Soneti hiyo haikuchapishwa mpaka 1896, Christina mwenyewe akiwa ameshafariki.


Bi Mishororo anajibu:

Nimekaa na majibu haya tangu asubuhi. Mama wa Soneti, nimeanza kuitafsiri "Baada ya Kifo" leo hii, na mshororo wa mwisho umeshanishinda. Marehemu anasema ni tamu sana kujua kwamba yule bwana bado ana joto, ingawa mimi ni baridi. Nikiandika "nimepoa", msomaji atadhani amepona, au ametulia. Nikiandika "nasikia baridi", nimemfufua. Nisaidie.


Mwalimu Vina anajibu:

Kabla ya hilo la kupoa, turudi kwenye mashua. Dada, unatumia toleo gani la "Bibi wa Shalott"? Neno maiti limo katika toleo la 1832. Tennyson alilirekebisha shairi kwa toleo la 1842, na ndilo ambalo watu wengi wanalijua. Humo hapiti maiti mweupe. Linapita umbo linalong'aa.

Na si neno hilo tu lililobadilika. Soma mwisho wa matoleo yote mawili kwa zamu. Katika la 1842 watu wa Camelot wanatoka na kuogopa, kisha Lancelot, yule shujaa wa Mfalme Arthur, anatafakari kidogo na kusema: ana uso mzuri, Mungu amjalie rehema. Hayo ndiyo maneno ya kufungia. Mwanamke amekufa, anatazamwa, anasifiwa uso, basi. Ni Poe mtupu, miaka minne kabla ya ile insha.

Katika la 1832 Lancelot hasemi kitu. Kifuani mwa marehemu kuna barua ya ngozi, na ndiyo inayowatatiza werevu walioshiba wa Camelot kuliko jambo lingine lolote. Ameiandika mwenyewe. Inasema utando, yaani kile kitambaa alichokuwa akikifuma, ulifumwa kwa ustadi, uganga umevunjika kabisa, sogeeni, msiogope, huyu ni mimi, Bibi wa Shalott.

Wapo watakaosema mwisho wa 1842 ni bora kwa ufundi, na kwa mizani na utulivu pengine ni kweli. Lakini tazama kilichoendelea kati ya matoleo hayo mawili. Maiti ilirembeshwa ikawa umbo linalong'aa, na barua ikaondolewa. Alipozidi kupendeza, akapoteza la kusema. Jina lake kwenye mashua ndilo lililobaki.


Msafiri wa Usiku anajibu:

Mwalimu, nimeyasoma yote mawili sasa hivi. Sikujua kabisa kama kulikuwa na barua. Niliyemzika mimi aliacha ujumbe kwenye simu, sauti ya dakika moja na nusu, na sijawahi kumwandikia shairi lolote ambalo ndani yake anasema. Yote nasema mimi. Sijui kama hilo ni kosa. Nimelitambua leo.


Mama wa Soneti anajibu:

Kaka Msafiri, si kosa. Isikilize tena hiyo sauti, na ukiwa tayari mwachie mshororo mmoja.

Dada Mishororo, usitumie kupoa. Andika "bado ana joto mwilini, na mimi mwili baridi". Mwili urudiwe mara mbili, mmoja wa moto, mmoja wa baridi, na wote wawili vitandani mwa shairi moja. "Ingawa" iondoe, inaeleza mno.


Bi Mishororo anajibu:

Nimeichukua hiyo, asante mama.

Na la maiti nimeshaamua, au tuseme ameamua mwenyewe. Nimelichagua toleo la 1832. Barua imeandikwa "huyu ni mimi". Mwenye mwili ameshataja ngeli yake, mimi ni nani nimbadilishie? Kwa hiyo:

Maiti mweupe, mweupe, akapita akielea

na barua nitaiweka mwisho kama ilivyo, bila Lancelot.

Porphyria nimemwacha na ki- yake. Ila nimefanya jambo moja. Baada ya kichwa kile kufurahi, bwana anasema Porphyria hakukisia jinsi matakwa yake yangetimia. Hiyo ndiyo a- ya mwisho anayobakiziwa baada ya kufa, nayo, kama ile ya "hakuhisi maumivu", imo ndani ya kukanusha. Katika rasimu ya kwanza nilikuwa nimeiruka kwa ajili ya vina. Nimeirudisha, na mshororo umezidi mizani moja. Nauacha hivyohivyo.